Simu ya Mtihani

Macho hayana pazia, na masikio ya fundi cherehani hayana hata mlango. Alikuwa amejilaza kwenye kiti cha nyuma cha basi, akijifanya amesinzia.

"Chuo kilipiga simu kumpima binti yangu Kiingereza cha kuzungumza, wajue wamweke darasa gani," mama mwenye mkoba wa bluu alimwambia mzee wa kiti cha mbele yake, ambaye hakuwa amemuuliza. "Mwenyewe alikuwa bafuni. Nikapokea mimi."

"Ukawaambia wasubiri."

"Nikawajibu! Miaka ishirini nimepokea simu za hoteli, baba. Ulimi ulishatangulia. Wamempa darasa la juu kabisa."

Mzee akavua miwani. "Na anaelewa?"

"Wapi! Anarudi macho mekundu. Ananibembeleza niende nikaseme ukweli."

"Basi kaseme, mwanangu. Umemtwika mtoto mzigo usio wake."

Fundi, aliyewahi kumshonea mtu suruali kwa vipimo vya kaka yake, alimuunga mzee mkono kimoyomoyo.

"Nitasema. Wiki ijayo."

"Kwa nini si leo? Kituo kinachofuata si ndicho cha chuo?"

Mama akaufunga mkoba ambao tayari ulikuwa umefungwa. "Waliponiuliza kwa nini nataka kusoma, nilizungumza dakika tano sijapumua. Mwalimu akasema, tunakusubiri kwa hamu. Baba, tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza."

Mzee akarudisha miwani machoni. Basi likasimama mbele ya lango la chuo.

"Kuna anayeshuka?" dereva akauliza.

Fundi akafumbua macho, akamtazama mama.