Marehemu Hakuugua kwa Muda Mfupi

Kaka yetu mpendwa, ambaye wengi mlimwita Brashi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili na wa kiume pekee wa seremala na mpishi wa shule. Alimaliza darasa la saba mwaka 1986. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwa kuchora hakuwa na mpinzani.

Alijifunza upakaji rangi, akaishi kwa kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa na maringo yake: alipanda ngazi na shati jeupe, anayetaka aje atafute tone la rangi. Siku ya ndoa yake, tarehe 5 Disemba 1998, bibi harusi, fundi cherehani, aliona doa la kijani kwenye kola.

"Leo mkono umetetemeka, eh?"

Ukumbi mzima ulicheka. Walijaliwa binti mmoja. Mwaka 2012 pombe ilimshinda, ndoa ikavunjika, na kufikia 2016 alikuwa akilala kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi. Sisi tuliwaambia watu yuko safarini. Tulidanganya.

Wakubwa wa familia walitaka iandikwe hapa kwamba aliugua kwa muda mfupi. Mdogo wake wa kike, anayewasomea, amekataa. Aliugua miaka minne. Fangasi walianzia kwenye kucha za miguu, zikawa za njano, nene, zikimchoma kila hatua. Muuguzi aliyewazungukia wanaolala nje alimpa dawa, akamsihi avue viatu miguu ikauke. Lakini pale barazani ukivua viatu huvikuti tena. Alishaibiwa jozi mbili. Mdogo wake akaona amsaidie, akamnunulia mabuti ya mpira masika yalipoanza. Kaka hakuyavua mvua zote zile.

"Nikiyavua yataibiwa, na umeninunulia wewe, dada."

Ngozi kati ya vidole ikachanika, vijidudu vikapenya. Tarehe 9 Juni 2023 mguu ulivimba hadi gotini. Hospitalini mabuti yalikatwa kwa mkasi. Daktari alisema sumu ilishaingia kwenye damu. Alifariki tarehe 11, saa nne asubuhi. Mdogo wake aliyanunua kwa mapenzi, na bado hajajisamehe.

Ameacha mama, binti, ndugu wa kike wanne, na wenzake sita wa barazani, waliosimama kule nyuma wakiogopa kutuchafulia shughuli. Jamani, sogeeni mbele, karibuni kaburini. Nyinyi mlikuwa naye. Sisi tulikuwa na aibu.

Kaka yetu apumzike kwa amani.