Msimu wa Meneja Zablon

Nje ya kiwanda cha kukamua alizeti pale Chemba kuna benchi lililopigiliwa kwa mbao za sanduku lililoleta mashine, na hapo ndipo Shaban huuzia kahawa. Asubuhi hiyo ya Juni, Zablon, meneja uzalishaji, aliketi katikati, kikombe kikimpoa mkononi. Mwenye kiwanda, mkazi wa Dodoma, alikuwa amemtuma mtu aje kuamua: mashine ziwashwe, ama zing'olewe zihamishwe. Kulia alikuwapo Obedi, mkulima aliyebandikwa jina la Waziri kwa wingi wa ahadi zake. Kushoto Nasri, mkulima pia, aitwaye Rada kwa kuwa habari haimpiti.

— Kunywa, Meneja, alisema Nasri. Kahawa haina kosa.

— Haipiti. Kiwanda kikifungwa naenda wapi? Wilaya nzima hakuna kingine chenye meneja. Kondoa nimeuliza, wamemweka shemeji yao.

— Si uende Dar?

— Na Anna? Ni nesi wa zahanati ya hapa, ameomba uhamisho mpaka amechoka. Watoto niwagawe?

Obedi alicheka.

— Unalia bure, kaka. Dodoma ikijaa, viwanda vitamwagikia wapi? Huku! Mameneja mtatafutwa kwa tochi.

— Na ile reli, akadakia Nasri. Treni zote zile lazima zipakwe mafuta. Mafuta gani? Alizeti!

— Treni ya umeme ile, Rada! alipinga Obedi.

— Umeme nao utapita kwenye waya mkavu? Lazima ulainishwe.

— Mimi naona mbali zaidi, akaendelea Obedi. Mashudu, yale makapi yanayobaki alizeti ikikamuliwa! Leo yanaliwa na ng'ombe, kesho wazungu watayanywea chai. Kiwanda cha biskuti za mashudu, meneja Zablon, gari, dereva...

— Nyamazeni!

Kahawa ilimwagika gotini. Zablon hakuifuta.

— Kazi yangu huku ni ya msimu wa mavuno tu. Na mavuno ndiyo haya yanapita.

Bodaboda ilisimama. Akashuka mwanamke mwenye vumbi hadi kwenye nyusi.

— Shikamooni. Naitwa Restuta, nimetumwa na mwenye kiwanda.

— Marahaba, mwanangu, aliitikia Shaban. Karibu kahawa.

— Asante, nitakunywa baadaye. Meneja ni nani?

— Ni mimi. Mashine ziko tayari, nimezisafisha mwenyewe.

— Vizuri. Tukiwasha leo, nani atatuuzia alizeti?

Zablon aliwageukia wenzake kwa matumaini.

— Waziri, si una shamba kubwa?

— Alizeti niliiuza yote, alijibu Obedi, akitazama viatu vyake. Ikiwa bado maua. Lori la mlanguzi lilikuja kubeba mavuno.

— Rada?

— Lilipita na kwangu, Meneja. Lilipita kwa wote.

— Kila asubuhi mnakaa hapa na mimi! Hamkuniambia?

Nasri alimrudishia Shaban kikombe.

— Basi, alisema Restuta taratibu, kuna yeyote Chemba aliyebakiza hata gunia?

Shaban alijifanya anapuliza mkaa. Restuta alisogea pembeni, akapiga simu. Maneno yake yalisikika mpaka kwenye benchi: alikuwa akiagiza mafundi wa kung'oa.

Zablon alisimama, akamfuata.

— Waambie waje na spana kubwa, dada. Waanze na mashine ya ndani kabisa. Wasipoishika vizuri kwa chini, itapasuka.