Shati Jeusi na Suti ya Buluu

Nyuma ya soko la ndizi mjini Kisii kuna benchi ambapo Farah huuza kahawa tungu, na dunia nzima huhukumiwa hapo kila asubuhi. Siku hiyo Makori, anayeitwa Jenerali ingawa hajawahi kushika hata rungu, alifika amefura. Redio ilisema huko Ulaya wameshinda kura watu wanaotaka wageni wafukuzwe na mkubwa mmoja atawale bila kuulizwa. Mtangazaji aliwaita mafashisti. Neno hilo lilimkwama Jenerali kooni kama mwiba wa samaki.

— Fashisti gani hana shati jeusi? akafoka. Watu wa Musolini walivaa shati jeusi, wakapiga watu mchana. Hawa wanavaa suti ya buluu!

— Na masharubu je? akadakia Nyamweya wa bodaboda, ambaye kijiweni ni Breki. Bila masharubu hiyo ni serikali tu.

— Musolini naye alianza na viti vichache bungeni, akasema mzee Omosa. Ofisi alipewa na mfalme. Kura alikuja kuziua baadaye, polepole.

— Ndiyo hiyo! akasema Jenerali. Haba na haba hujaza kibaba. Udikteta wa kidogo kidogo si udikteta!

Breki alicheka hadi akamwaga kahawa. Jenerali akaona ameshinda, akapanda juu ya benchi.

— Hata hapa tunataka mkali kama huyo! Kura ni kupoteza wakati. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mmesikia? Apone! Maana yake mgeni ndiye alileta ugonjwa. Wageni watoke!

Mkono wa Farah wenye birika ukasimama hewani. Babu yake alikuja hapa mgeni, na amezikwa mji huu huu.

— Wageni gani, Jenerali?

— Aah, si wewe! Wewe ni wetu. Ni wale wengine.

Jenerali akashuka taratibu. Maneno hayo hayakumkaa vizuri hata yeye mwenyewe.

Esnah, mama aliyeleta ndizi kutoka Masimba, alikuwa ameketi pembeni akipumzisha miguu.

— Samahani, tata, akamwambia Jenerali, akimwita baba kwa Kikisii. Huyo mkali wenu akiharibu, anatolewaje?

— Kwa kura, akajibu Breki haraka.

— Si mmesema kura ni kupoteza wakati?

Breki akakumbuka ana abiria wa Nyanchwa. Omosa akachungulia ndani ya kikombe. Masikio ya Jenerali yaliwaka moto. Akamnyooshea Farah kikombe, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akasema tafadhali.

— Imeisha, Farah akasema, birika likifuka mvuke mkononi mwake.