Zakayo Owiti Obiero (1961–1998), Fundi wa Mkolani na Chungu Chake cha Gitaa

Huyu tunayemsindikiza leo, wengi wenu mlimjua kama Fundi Owiti. Alizaliwa Shirati, mkoani Mara, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Obiero na Mama Paskazia. Alisoma huko huko hadi darasa la saba, mwaka 1976. Darasani alikuwa wa kawaida. Redio ya baba yake aliifungua kwa bisibisi mara nyingi kuliko baba alivyoisikiliza, na viboko alivila.

Mwaka 1979 alikuja Mwanza kujifunza ufundi, na mwaka 1986 akafungua kibanda hapa Mkolani. Soko huria lilipoingia, watu walinunua redio mpya za nje, zile kuukuu wakamwachia yeye. Humo alitoa transista za gerimani, zile za kizamani zisizopenda joto, akaundia kiboksi cha kukwaruza sauti ya gitaa, maana alikuwa akipiga solo kwenye bendi moja ya Nyegezi. Jamani, sauti ile! Tatizo lilikuwa joto. Asubuhi kiboksi kiliimba vizuri. Jua likipanda, transista zilipata moto na sauti ikakatika-katika hadi kunyamaza. Alizichagua moja moja kwa kuzibana vidoleni, aone ipi inavumilia joto la mkono. Ilisaidia kidogo. Mwishowe alikifunga kiboksi kwa nailoni, akakilaza chunguni, na chungu hicho akakitia ndani ya kikubwa chenye mchanga uliolowa. Swichi ya kukanyagia aliitoa nje kwa waya. Tangu hapo gitaa halikuzima tena, hata kwenye sherehe za mchana kweupe.

Watu nao hawakosi la kusema. Bendi ikijaza ukumbi, wakasema ni uchawi wa kile chungu. Maneno yakafika Kisesa kwa Mzee Machibya, mzee wa kanisa, ambaye binti yake, Selina, alikuwa amechumbiwa na marehemu. Juni 1992 marehemu alibeba chungu, gitaa na spika ya betri hadi kwake.

"Shikamoo, baba. Nimekuja uone mwenyewe. Ni cha kupoza tu."

"Marahaba. Haya, tuone."

Alikitoa kiboksi, akakiweka juani, akapiga. Sauti ikafa. Akakirudisha chunguni, wakanywa uji taratibu, akapiga tena. Ikarudi nzima.

"Loo!" Mzee alisimama. "Kinakufa juani, kinafufuka chunguni, halafu unaniambia si dawa? Kwako sikanyagi!"

Ndoa ilifungwa tarehe 17 Aprili 1993, bibi harusi akisindikizwa na baba yake mdogo, Ndugu Shimba. Marehemu aliutazama mlango wa kanisa, akimngoja mkwewe, hadi mchungaji akamwambia ageuke. Kila mtoto alipozaliwa alituma mwaliko Kisesa. Hakuna aliyekuja. Jambo hilo lilimuuma sana, na hakulificha.

Februari mwaka huu aliugua ini. Alitibiwa hospitali, kisha akarudishwa nyumbani. Selina alipomwuliza anatamani nini, alijibu, "Baba yako aje tu, aketi." Ujumbe ulipelekwa Kisesa. Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 2 Agosti 1998.

Ameacha mama yake, mjane wake Selina, watoto wawili, Favour na Odeta, na dada yake, Adongo, anayewasomea wasifu huu. Ameacha pia baba mkwe. Mzee Machibya alifika jana, akaketi uani, chakula hakugusa. Sisi ndugu tulimchukia, tusidanganyane. Wasifu huu ulipokuwa ukiandikwa, alimwita Adongo kando.

"Niandikeni na mimi, mwanangu," alisema. "Nimechelewa."

Tumemwandika.

Mungu ampe Zakayo pumziko la amani.