Goti la Konstebo Munyao

Mwalimu Gaudencia alikuwa amefumba macho ndani ya basi la Karatina, ila masikio aliyaacha kazini. Kwenye kiti cha mbele yake, Athman, fundi cherehani wa Nyeri, alikuwa akilikagua goti la abiria mwenzake, konstebo Munyao. "Hili limeungua, bwana askari."

"Ni injini ya pikipiki, fundi. Hizi patisi za kufunga miguu zinaisha chini ya goti, na kaptura inaisha juu. Injini imenipata hapo katikati."

Kweli, aliwaza Gaudencia, serikali imemvika kila mahali isipokuwa panapoungua.

"Si uombe suruali ndefu?"

"Niliomba! Niliandika, 'Nimechomwa njia ya Endarasha, naomba suruali ndefu.' Karani akatafsiri kwa Kizungu, ati nimechomwa na maadui. Nikapewa hii." Akagusa nishani kifuani.

"Na suruali?"

"Suruali ni ya maofisa."

Athman akasonya. "Sema ukweli, bwana! Watu wa Endarasha wamezolewa na kufungwa kwa ajili ya goti lako."

"Kumi na wawili tu. Nikisema ni injini, nishani itaenda, na mimi nitafungwa."

"Basi afadhali ufungwe wewe kuliko..."

Basi likafunga breki kwenye kizuizi. Askari mwenye bunduki akachungulia mlangoni. "Wote chini! Tunatafuta waliomchoma konstebo!"

Gaudencia akafumbua macho. Munyao alikuwa wa kwanza kushuka, goti amelifunika kwa kofia.