Mwalimu Jonah Masinde, Aliyetufundisha Kupindua Gogo

Wazazi wetu, majirani, walimu na wanafunzi, poleni kwa msiba huu, na asanteni kwa kuacha kazi zenu mkaja kusimama nasi. Familia imeniomba mimi, shemeji yake, niwasomee maisha ya Mwalimu Jonah Masinde, na kwa kuwa hakupenda mtu aongezewe sifa asizokuwa nazo, nitayasoma kama yalivyokuwa.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1915 huko Kimilili, kifungua mimba wa Mzee Nathani Masinde na Mama Nabalayo, akaletwa Longonot akiwa na miaka minne, baba yake alipoajiriwa kutengeneza njia ya reli, na hapo akaanza masomo mwaka wa 1924 katika shule ya kanisa yenye chumba kimoja, akaendelea hadi Kaimosi, alikohitimu ualimu mwezi wa Novemba 1936.

Alianza kazi Gilgil mnamo Januari 1937, na Jumamosi tarehe 21 Desemba 1940 akafunga ndoa na dada yangu Truphosa, wakajaliwa watoto wanne, Nabalayo, Zakaria, Ruthi na Musa, ambao wote wameketi hapa mbele.

Vita vilipopamba moto alijiunga na jeshi la Keya, la Waafrika chini ya Waingereza, mwaka wa 1942, akawekwa kambi ya Gilgil kuwafundisha askari kusoma, na huko ndiko alikowaona askari Waskoti wakicheza mchezo wa kwao, wa kusimamisha gogo refu kama mlingoti, kulishika kwa viganja upande ulio mwembamba, kukimbia nalo, kisha kulirusha ili lipinduke hewani na kulala mbele ya mrushaji, limenyooka kama mshale wa saa penye saa sita kamili. Kilichomvutia ni kwamba mshindi hakuwa aliyerusha mbali, bali aliyenyoosha. Sajini mmoja alimcheka, akamwambia, "Mwalimu, hii si kalamu," naye akalibeba, likamwangukia ubavuni mara tatu kwa siku tatu, na siku ya nne likapinduka.

Baada ya vita alirudi kufundisha, na Januari 1953 alihamishiwa shule ya kati karibu na Lanet, ambako somo la mazoezi lilikuwa kuinua mikono na kuishusha, kwa sababu shule haikuwa na mpira wala kamba, basi akaomba mikalitusi kwa mwenye shamba jirani, akaichonga mwenyewe kwa shoka, myepesi ya darasa la tano na mizito ya la nane, akawaita wavulana na wasichana pamoja. Mwalimu mkuu, Bwana Hiram Gachanja, alipomuuliza wasichana wataweza wapi, alijibu, "Bwana Mkuu, wewe hujawahi kubeba mtungi wanaoutoa mtoni kila asubuhi."

Hizo zilikuwa siku za Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka Mau Mau. Tarehe 9 Juni 1954 ofisa mmoja wa usalama aliingia uwanjani na askari sita, kwa kuwa alikuwa ameambiwa watoto wanafunzwa kubomoa malango kwa magogo, akataka apewe majina ya wote walioweza kuinua lile gogo kubwa kuliko yote. Kila mmoja alijua mtu akiandikwa jina siku zile anaweza kupotea miezi mingi, na wanafunzi wengine baba zao walikuwa tayari kizuizini. Mwalimu alimwambia Truphosa baadaye kwamba aliogopa, lakini alisogea mbele akasema, "Afande, andika Jonah Masinde."

"Na wengine?"

"Wengine ni wanafunzi, walifanya nilichowaambia. Jina ni hilo moja."

Alifungwa siku kumi na moja, na dada yangu akampelekea chakula kwa miguu kila siku, huku Mwalimu akimrudia ofisa maneno yale yale, "Nipe gogo nikuonyeshe," hadi ofisa akachoka kuyasikia, akaamuru iletwe nguzo ya ua. Mwalimu alikuwa amekonda, suruali ameifunga kwa kamba, lakini alichuchumaa, akapitisha viganja chini ya nguzo, akainuka nayo polepole, akakimbia hatua saba, akairusha, ikasimama kwa ncha, ikasita, kisha ikalala mbele yake imenyooka. Askari mmoja alijisahau akapiga makofi.

"Sasa hiyo inabomoa nini?" ofisa akauliza.

"Haibomoi kitu, afande. Tunataka ianguke sawa."

Aliachiliwa jioni ile ile, akakuta magogo yake yamepasuliwa kuni, akachukua shoka akachonga mengine, na mnamo Januari 1955 somo, lililokuwa limepigwa marufuku, likaruhusiwa tena. Wanafunzi walioweza kuinua gogo kubwa mwaka ule wa 1954 walikuwa watano, na leo, kwa ruhusa yao wenyewe, tunawataja: Ngigi, Omolo, Kiprugut, Wangu na Chepkorir. Tunawaomba wasimame.

Mwaka wa 1958 miguu yake ilianza kuvimba, madaktari wakapata kwamba moyo umechoka, wakamkataza kuinua kitu chochote, naye akatii, akawa anafundisha ameketi kwenye kiti pembeni mwa uwanja, akitoa amri kwa fimbo, hadi alipolazwa hospitalini Nakuru tarehe 20 Septemba 1959. Alituacha alfajiri ya Ijumaa, tarehe 2 Oktoba, mkewe akiwa amemshika mkono. Jumatatu iliyofuata darasa la saba walikuwa na somo la mazoezi, na Mwalimu Kipkemboi, aliyeshika kipindi chake, alipowaambia wanaweza kwenda nyumbani kuomboleza, walitoka wakabeba magogo wakaingia uwanjani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Lanet waliokesha nasi na kututekea maji, Bwana Gachanja na walimu wote walioshika vipindi vyake tangu alipolazwa, na kila mmoja aliyekuja leo.

Kazi uliimaliza, Mwalimu. Pumzika kwa amani, na Mungu akuweke mahali pema.