Mama Kurasa na Majarida Elfu Sita

Ndugu wafiwa, majirani na marafiki, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu nimepewa mimi, kitindamimba wa familia, na juzi kwenye kikao baba yetu mdogo aliniita pembeni akaniambia, "Andika alizaliwa, akasoma, akafanya kazi maktaba, akaolewa, akazaa. Yale makaratasi ya michezo ya watoto yaache, watu watatucheka." Nilimsikia, ninamheshimu, naye amekaa hapa mbele, lakini sitayaacha, kwa sababu nikiyatoa hayo, mtu nitakayemsoma hapa atakuwa mwingine, si dada yangu.

Alizaliwa tarehe 11 Mei 1957, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha uchapaji ambako baba alikuwa mpanga herufi. Alianza shule ya msingi Januari 1964, akamaliza sekondari Novemba 1975, na miaka miwili iliyofuata alisomea kujalidi vitabu katika chuo cha ufundi, msichana peke yake kati ya wavulana kumi na wanane, ambao mwanzoni walimtuma awaletee chai, na kufikia mwisho wa kozi walikuwa wakimbembeleza awanyooshee kazi zao kabla mwalimu hajaziona.

Tarehe 3 Aprili 1978 aliajiriwa maktaba kama fundi wa kukarabati vitabu, katika chumba cha chini chenye dirisha moja na meza mbili. Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi televisheni, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia, wakajaliwa binti mwaka 1982 na mtoto wa kiume mwaka 1986. Shemeji alitutangulia Juni 2016, na kila rafu mtakayoiona nyumbani kwao aliipiga randa yeye.

Mwaka 1984 yalianza kuletwa maktaba, kama msaada, majarida ya michezo ya video, yamekunjika, mengine hayana jalada, na wenzake wakayaona uchafu. Yeye aliona karatasi ambayo mtu aliiandika, mwingine akaichapa, mwingine akaisoma hadi ikachakaa, na kwake hiyo ilikuwa sababu ya kutosha. Alitoa pini zilizoshika kutu kwa kisu butu, akazishona kurasa upya kwa uzi wa pamba, akayaanika kivulini yaliyopata unyevu, na kila moja akaliandikia kadi yake: jina, mwezi, idadi ya kurasa, zilizokosekana, na hata majina ya wasomaji waliotuma barua. Hapo ndipo alipopewa jina la Mama Kurasa, na waliompa hawakuwa wakimsifu.

Tarehe 9 Septemba 1996 mkuu wa maktaba wa wakati ule aliagiza majarida yote yatupwe, akamletea dada fomu ya kutia sahihi kwamba hayana faida, naye akaisukuma irudi upande wa pili wa meza. Mkuu akamwambia, "Wewe umeajiriwa kushona vitabu, hukuajiriwa kuamua kipi ni kitabu." Dada akamjibu, "Ni kweli, bosi. Ndiyo maana siwezi kuamua kwamba hivi si vitabu." Jibu hilo lilimgharimu miaka minne ya kukaa mlangoni akipokea mikoba ya wasomaji, yeye fundi mwenye cheti, lakini aliandika barua tatu kuomba ayachukue, ya tatu ikakubaliwa, na shemeji akayahamisha kwa mkokoteni, safari saba, mchana kweupe, watu wakitazama.

Chumba cha wageni kikawa cha majarida, sisi wageni tukahamia sebuleni. Mengine yalizidi kuja, kutoka kwa walioyaokota na waliokuwa wakihama nyumba. Na hapa nijitaje mwenyewe, maana kati ya waliokosea nami nimo: mwaka 1998 nilichukua jarida moja bila kuuliza, nikalichana na kufungia wateja misumari dukani kwangu. Dada hakunigombeza. Aliniomba majina ya wateja, akapita nyumba kwa nyumba akibisha hodi, akarudi na kurasa kumi na tisa kati ya ishirini na mbili, na kwenye kadi akaandika, "Kurasa tatu hazipo, zilifungia misumari kwa mdogo wangu." Kadi hiyo ipo, mnaweza kuja kuisoma.

Wanaouliza yote hayo yalikuwa ya nini, nitawajibu kwa siku moja tu, tarehe 14 Julai 2011. Siku hiyo alikuja mwalimu wa hesabu, mtu mzima, akaeleza kwamba alipokuwa na miaka kumi na mitano alibuni mchezo wa kompyuta, akautuma kwa jarida, nao wakauchapa mstari kwa mstari ili wasomaji wauingize kwenye kompyuta zao, lakini nakala yake ilipotea, na tangu hapo hakuna aliyemwamini, hata mumewe. Dada aliuliza jina na mwaka, akavuta droo, akashusha toleo la Machi 1985, akafungua ukurasa wa 46, na hapo palikuwa na jina la mwalimu, umri wake na shule yake. Mwalimu aliketi chini sakafuni akasema, "Mama, nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nilidanganya." Leo yuko hapa, na mumewe yuko naye.

Alianza kuugua Februari 2022. Nimesikia nje hapo kwamba vumbi la makaratasi ndilo lililomuua, na daktari wake ameniridhia niseme wazi kwamba ulikuwa ni moyo, mapafu yake yalikuwa safi kuliko ya wengi wetu, na chumba chake hakikuwa na vumbi, nyumba zetu ndizo zenye vumbi. Wodini aliendelea kuandika kadi, binti yake akimsomea kurasa, hadi alipofariki Ijumaa, tarehe 6 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akiacha watoto wawili, wajukuu watatu, na majarida 6,318 yenye kadi kamili.

Kwenye kikao imependekezwa chumba kile kisafishwe Jumatatu. Natamka mbele yenu wote kwamba hakitasafishwa. Ufunguo anao binti yake, ambaye ameshaanza kupiga picha kila ukurasa, na kuanzia mwezi ujao kila Jumamosi mchana mlango utakuwa wazi kwa yeyote, mradi anawe mikono na kuikausha kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi walioruhusu boksi la kadi kukaa chini ya kitanda cha mgonjwa, majirani waliopika na kufua tangu Ijumaa, wafanyakazi wenzake wa maktaba, wakiwemo waliomcheka kisha wakaja kuomba radhi, na baba mdogo, ambaye amenisikiliza hadi mwisho bila kuinuka.

Pumzika sasa, dada yangu. Hatutupi kitu.